Evodia Ameingizwa Kwenye Grupu

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimetolewa! Kwenye grupu la ukoo! Mimi, Adolfu, karani mstaafu wa ghala la mahindi! Saa nne asubuhi nakunywa chai yangu, simu ikaandika: Klementina amekuondoa. Klementina ni mdogo wetu wa mwisho. Nimembeba mgongoni akiwa na surua. Leo yeye ndiye admini.

Kisa ni usafiri. Kaka yangu Oswaldi, mkulima wa ulezi kule Kate, kanunua guta, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Akaweka picha. Watu wakampongeza kana kwamba kanunua ndege. Nikaandika, kwa upole tu, kwamba kitu cha miguu mitatu ni kigoda. Oswaldi akaweka picha ya gari langu Krismasi iliyopita, limefungwa kamba, linavutwa topeni na maksai wake wawili. Mimi ndani nimeshika usukani. Nimevaa na tai.

Watu ishirini na sita walicheka. Niliwahesabu. Nikajibu kwa sauti, vipande kumi na kimoja. Cha saba, nakiri, kilikuwa kirefu.

Evodia, mke wangu, anauliza kwa nini nisimpigie kaka tukayamaliza. Nikamwambia aliyeanza ndiye apige. Akaniuliza ni nani aliyeanza. Swali la kijinga. Nikatoka nje.

Jumanne, 3 Juni

Nasubiri waniombe nirudi. Nimekaa dirishani siku nzima, ndipo mtandao unapokamata hapa Izia, Sumbawanga. Ujumbe ulioingia ni mmoja, wa kampuni ya simu, kunipongeza kwa kuwa mteja.

Hizi simu za siku hizi ni mateso. Zamani simu ikikuudhi unafungua mgongo, unatoa betri, unaiweka mezani ikajifikirie. Hizi zimezibwa kote. Huna namna ya kuzinunia.

Nimeenda dukani kwa Zaitun, jirani yetu, kununua vocha. Nikamweleza dhuluma niliyofanyiwa. Akasema pole, mzee Adolfu. Halafu akasimulia kwamba shemeji yake aliweka wasapu ya mama yake kwenye simu yake mwenyewe. Zinatumwa namba sita kwa mwenye laini, unazisoma, basi. Mama hakujua kitu.

Nimerudi nyumbani natembea haraka.

Alhamisi, 5 Juni

Evodia ana kitochi, kile kisimu cha vitufe. Hajawahi kuwa na wasapu, anasema hana muda wa kutazama watu wanavyokula. Leo alikuwa uani anapepeta ulezi, kitochi kipo juu ya kabati. Namba sita zikaingia. Nikazisoma. Nikazifuta. Nikakirudisha kitochi juu ya kabati.

Sasa simu yangu ina wasapu ya namba yake. Mimi ni Evodia!

Nikamwandikia Klementina: Wifi, nami nimenunua simu, niingize nisalimie ukoo. Hazikupita dakika mbili. Karibu wifi! Hatimaye mtu mwenye akili! Mioyo. Maua. Watu wakipiga vigelegele kwa maandishi. Mimi nilipoingia mwaka juzi nilipata dole moja tu, la Oswaldi.

Sikufurahi kama nilivyotegemea.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeandika kwenye grupu kama Evodia: Ndugu zangu, mume wangu ni mtu wa busara sana, tatizo hamjamwelewa.

Baada ya robo saa, Klementina: Pole wifi. Tunajua unayovumilia.

Wakafuata wengine. Pole mama. Mungu anakuona. Mmoja akaandika kwamba taji lake mbinguni litakuwa zito.

Nilishindwa kula mchana. Evodia akanigusa paji la uso, akauliza kama ninaumwa. Nikamwangalia nikiwaza hayo anayovumilia. Nikamuuliza kama ana furaha. Akasema mbaazi zinaungua, nimpishe.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Baridi kali. Evodia karudi kanisani na habari kwamba kaka Oswaldi anakohoa sana, hajafika misa wiki tatu. Anataka twende Kate kwa basi la kesho. Nikamwambia Oswaldi alikuwa anakohoa tangu tukiwa watoto, hasa siku za kulima.

Nimemaliza kusema hivyo, simu yangu ikalia. Ujumbe kwa Evodia, wa pembeni, si wa kwenye grupu. Kutoka kwa Oswaldi! Naunakili wote:

Shemeji, nimefurahi umepata simu. Naandika kwa sababu pumzi ya kuongea sina. Wamenitoa maji kwenye mapafu mara mbili. Mdogo wangu bado kakasirika? Ile picha niliweka kwa utani. Natamani kumwona. Ila usimwambie nimeomba. Akija, aje kwa moyo wake.

Nimeusoma mara tano. Ameomba! Kaka kaomba! Nilikuwa nataka kumkimbilia Evodia na kumwambia, nikakumbuka kwamba sitakiwi kujua.

Nikatoka nje kuzunguka gari. Amesema pumzi hana. Huyu ndiye aliyekuwa ananibeba kuvuka mto tukienda shule, mimi mabegani, madaftari yetu wote wawili kichwani kwangu. Ilikuwa niondoke leo hii.

Lakini nikafikiri. Watu ishirini na sita walicheka mbele ya ukoo mzima. Sasa kuombwa kunafanyika pembeni, gizani, na kwa mtu mwingine! Nikienda hivi hivi, grupu litasema Adolfu kajirudi mwenyewe.

Nikajibu, kama Evodia: Shemeji, Adolfu kaumia mno. Ukimwomba radhi kwenye grupu, mbele ya wote, atakuja mbio. Mimi namjua.

Tiki mbili. Zikawa za bluu. Akaandika: Sawa shemeji. Nikipata nguvu.

Jumatatu, 9 Juni

Radhi bado. Evodia kashaweka nguo kwenye mfuko, unga wa ulezi na kuku mmoja wa kupeleka. Nikamwambia tusubiri kidogo. Akauliza tunasubiri nini. Nikasema gari. Haiwezekani nifike Kate kwa basi baada ya yale ya maksai. Lazima waone linatembea.

Hilo kweli. Nimeita fundi. Kafungua, kapuliza mahali, kasema gari halina shida yoyote, ila linataka kuendeshwa.

Jumanne, 10 Juni

Nimeosha gari. Nimesugua vioo kwa gazeti. Nimepiga pasi shati jeupe. Nimemnunulia kaka redio ndogo ya jua, ya kuweka kando ya kitanda, maana simu zitammaliza macho. Nitamwambia hii haina grupu.

Naangalia simu kila nikikunja kona ya nyumba. Oswaldi yuko hewani. Oswaldi anaandika. Oswaldi ameacha. Anaandika tena. Radhi gani hiyo isiyokwisha! Mimi ningeshamaliza.

Evodia kasema atapanda basi kesho peke yake. Nikamwomba siku moja. Nikamwambia nina sababu. Akakubali. Miaka thelathini na moja ananikubalia.

Jumatano, 11 Juni

Saa tatu asubuhi! Kwenye grupu! Oswaldi mwenyewe!

Ndugu zangu, kuhusu ile picha ya gari la Adolfu, mimi kama kaka yenu napenda

Basi. Imeishia hapo. Hata nukta hakuna.

Nikasubiri. Klementina akaandika: Kaka pumzika, usijichoshe. Kijana wa Oswaldi, Loth, ambaye ndiye anamuuguza, naye akaandika kwamba baba kachoka, ataendelea baadaye. Watu wakaweka viganja vya sala.

Nilichukia! Wamemkata katikati! Anapenda nini? Kuomba radhi, au kuweka picha nyingine? Nikaandika, kama Evodia: Endelea shemeji, tunakusikiliza.

Nikaiweka simu kwenye chaji.

Jioni nimejaza mafuta. Kesho atamalizia tu. Nimeshaiweka redio kiti cha nyuma.

Alhamisi, 12 Juni

Kitochi cha Evodia kililia alfajiri wakati anawasha moto. Alikuwa Klementina. Evodia alisikiliza, akasema ndiyo wifi, ndiyo wifi. Akakaa juu ya gunia la mkaa na khanga safi.

Kaka Oswaldi amefariki.

Nilisema haiwezekani, ana sentensi hajamaliza. Evodia alidhani nimechanganyikiwa.

Ijumaa, 13 Juni

Tumesafiri kwa gari. Kilomita zote hadi Kate halikukohoa hata mara moja. Milima lilipanda kama limetoka melini jana. Niliingia uani na vioo vinang'aa. Hakuna aliyegeuka kutazama.

Shemeji Luciana, mjane, kanikumbatia. Kasema, "Kaka yako kila akisikia muungurumo barabarani alikuwa ananituma nichungulie kama ni wewe." Sikujua niweke wapi mikono.

Jumamosi, 14 Juni

Tumezika.

Jeneza lilipelekwa kanisani kwa guta lake. Loth aliliendesha, pole pole, akikwepa kila shimo. Lile guta halikutikisika. Mimi nilifuata nyuma kwa miguu, nikilitazama lile gurudumu la kulia, jipya, bado lina nywelenywele za mpira za kiwandani.

Baada ya chakula tulikaa ndani, ukoo tu. Klementina akamgeukia Evodia. Alikuwa analia kwa hasira. Akasema, "Wifi, mimi nakuheshimu. Lakini mtu anakata roho, wewe unamwambia endelea? Kwa nini?"

Evodia akasema, "Endelea gani?"

"Kwenye grupu."

"Mimi sina grupu, wifi. Simu yangu hii hapa." Akaweka kitochi mkekani.

Loth akaenda akaleta simu ya marehemu. Akasoma. Akasoma yote, hadi yale ya pembeni, kwa sauti ndogo. Pumzi ya kuongea sina. Natamani kumwona. Adolfu kaumia mno. Mimi namjua. Kisha akaniuliza, "Baba mdogo, namba ni ya mama mdogo. Maneno ni ya nani?"

Nikasema siku hizi mitandao inaingiliwa na matapeli. Nikasema niliwahi kusoma mahali. Nikaeleza hata namna wanavyofanya, zile namba sita.

Nilieleza vizuri mno. Nilipofika kwenye namba sita nikaona Evodia kainamisha kichwa.

Hakuna aliyenitukana. Luciana alisema tu kwamba chai ipo, tunywe. Ningependa wangenitukana.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi niliwasha gari. Evodia hakutoka na mfuko wake. Alikuja dirishani. Akasema atakaa na Luciana. Nikamuuliza hadi lini. Akasema, "Nilikuwa nimefunga mfuko tangu Jumatatu, baba Sharon. Nilikuwa nimechinja na kuku."

Akaniambia niendeshe taratibu.

Redio bado ilikuwa kiti cha nyuma. Nilifika Sumbawanga nayo.

Jumanne, 17 Juni

Klementina kanirudisha kwenye grupu, kwa ajili ya taarifa za msiba. Nilisalimia. Nikapanda juu kutafuta ile sentensi yake. Napenda. Nimejaribu kuimalizia kwa namna nyingi. Kila nikiimalizia inatoka kwa sauti yangu, si yake.

Nyumba ina baridi. Nimegundua sijui tunapoweka kiberiti.

Sharon, binti yetu, kapiga kutoka Mbeya. Mama yake kamweleza. Aliniambia nimpigie mama, niseme nimekosa, neno moja tu, sihitaji hata kifurushi kikubwa. Nikamwambia nitapiga. Nilishika simu hadi kioo kikazima. Nikaiwasha. Kikazima. Utaanzaje? Halo, halafu?

Jumatano, 18 Juni

Nimepata njia!

Nimeazima simu ya Zaitun, nikamwambia yangu haina chaji. Nikamwandikia Evodia kwenye kitochi, kama Zaitun:

Mama Sharon, ni mimi jirani yako Zaitun. Nakujulisha kwa masikitiko makubwa kwamba mzee Adolfu hali yake si nzuri. Hali chakula. Anakaa ndani ya gari mchana kutwa. Anajutia sana ila ni mtu mwenye heshima zake, hawezi kusema. Uso wake hata hivyo bado ni wa kiume. Njoo haraka.

Hakuna hata neno moja la uongo humo, ukiondoa jina.

Jibu likaja baada ya nusu saa, Zaitun amesimama mlangoni anadai simu yake kuna mteja wa sukari:

Asante Zaitun, na pole kwa kuazimwa simu. Mwambie mgonjwa unga wa uji uko kwenye ndoo ya bluu, chini ya meza. Achemshe maji kwanza. Kiberiti kiko nyuma ya picha ya harusi.

Nimelisoma hapo hapo dukani, mara tatu. Nimefurahi sana. Hajashtukia hata kidogo! Ila sijaona mahali aliposema anakuja. Lazima sikuweka uzito wa kutosha. Kesho Zaitun atamwandikia kwamba nimelazwa.