Vitambaa vya Njano kwenye Machenza

Jumatano, tarehe 4

Wewe mjukuu wangu, kama umefungua daftari hili tena, lifunge! Huna haya? Ulinipa mwenyewe, ukasema bibi andika yaliyo moyoni. Ya moyoni hayasomwi na kila anayepita na kikombe cha chai. Toka!

Sasa. Njia ya baiskeli imefika kwetu. Watu wazima na akili zao wanatoka mjini, wanavaa kofia ngumu na kaptula za kubana, wanaendesha polepole kando ya bahari, katikati ya mashamba ya machenza, wakitazama miti. Miti! Jumamosi ni msafara wa kwanza na mjukuu wangu, binti wa mwanangu, ndiye kiongozi. Mwenye msafara, mwanamke mmoja mwenye filimbi shingoni, kamwambia wazi: ikienda vizuri, kazi yako. Ikiharibika, kwaheri. Mtoto hajala vizuri tangu jana.

Mimi ningefurahi. Lakini kituo cha kupumzika kimewekwa wapi? Kwa wifi yangu! Shamba la jirani, machenza makavu kama pamba. Nimeuliza kwa nini. Mjukuu kasema kule kuna kivuli na choo kisafi. Choo changu kina nini?

Alhamisi, tarehe 5

Wifi kapita uani, kanisalimia kwa sauti ya mtu aliyepewa cheo. Kasema nikipenda, Jumamosi nikamsaidie kuosha vikombe. Vikombe! Mimi! Nikamwambia mgongo unauma. Hauumi.

Mwanangu kapulizia dawa machenza ya nyuma ya banda. Kila mti aliopulizia kaufunga kitambaa cha njano, tusichume mpaka wiki mbili zipite. Ananieleza polepole, mara mbili, kama mgeni. Nilikuwa nachuma machenza kabla hajaota jino.

Ijumaa, tarehe 6

Mjukuu kapita na baiskeli akifunga vitambaa vya kuonyesha njia. Vya njano pia. Pale njia panda kafunga upande wa wifi. Nikaona.

Saa nane mchana, watu wamelala. Nimekwenda na kisu. Kitambaa cha upande wa wifi, kwisha, nyuzi tupu! Nikatafuta cha njano cha kufunga upande wangu, sina. Nikachana kitambaa changu cha meza, kile cha njano. Vipande vinne: njia panda, lango, ule mti mwembamba wa uani, nguzo ya kibaraza. Nimepanga viti kumi na viwili. Wifi akae na vikombe vyake mpaka viote ndevu.

Jumamosi, tarehe 7

Naandika mbio. Mwandiko, usinicheke.

Saa nne asubuhi, kengele za baiskeli. Wameingia langoni kwangu! Kumi na mmoja, mwenye filimbi mbele. Mjukuu hayumo, kabaki nyuma na mwenzao aliyepata pancha. Nimesimama kibarazani na sinia limejaa. Wakanipungia mkono. Wakapita! Wakakata kona nyuma ya banda, wakifuata vitambaa. Vitambaa gani tena huko? Vya mwanangu!

Nimekimbia. Kwa miguu hii! Nikawakuta wametawanyika, kila mmoja chini ya mti wenye kitambaa, wanasifu: jamani, watu waungwana hawa, wametuwekea alama miti ya kuonja. Wanachuma. Mwenye filimbi keshamenya, kipande kimebakiza upana wa kidole kuingia mdomoni. Pumzi ya kusema sina. Nikampiga kofi mkononi. Chenza likaruka huko. Akaniuliza kama nina wazimu. Ndipo sauti ikanitoka: dawa! Temeni! Tupeni!

Bwana mmoja mnene alikuwa keshameza vipande viwili.

Zahanati. Masaa matatu kwenye benchi. Muuguzi kampima, kamtazama macho, kasema tungoje. Nimehesabu vigae vya sakafu mpaka vikaisha, nikaanza upya. Mwishowe bwana mnene akatoka na miguu yake, anauliza chakula kiko wapi.

Mwenye filimbi hakucheka. Akamgeukia mjukuu wangu: umewaongoza wageni kwenye sumu, kazi huna. Mtoto akasema alifunga upande wa pili, wallahi. Hakusadikiwa. Akabaki anatazama viatu vyake. Mimi nikawaza: mbuzi. Mbuzi anaweza kula kitambaa. Nimeshafungua mdomo niseme mbuzi, wifi huyo mlangoni, mkononi kipande cha njano alichokifungua njia panda, chenye ua la uzi mwekundu. Kasema ua hilo alilishona mwenyewe, miezi mitatu, akanipa nilipojifungua mtoto wa kwanza. Akanitazama. Na mtoto naye akainua macho, akanitazama.

Nikasema ni mimi. Mbele ya wote, na muuguzi. Sijawahi kutafuna kitu kigumu vile.

Jumapili, tarehe 8

Kazi amebaki nayo! Mwenye filimbi kaja mwenyewe kusema. Kituo ni kwa wifi, hakuna mjadala, na mimi nisiguse kitambaa chochote cha njia maisha yangu yote. Nikaapa, mashahidi wawili.

Mjukuu hajasema nami tangu jana. Ila chai kaniletea, na sukari kaweka. Wifi kavichukua vile vipande vinne, anavishona upya kimoja kimoja. Kasema safari hii nikiona kisu kinaniita, nimpigie kelele kwanza. Mdomo ule!

Basi, nimejifunza. Kitambaa sigusi. Neno langu ni neno.

Lakini pale njia panda kuna jiwe kubwa, limekaa bure, na chokaa si kitambaa. Nitamwambia mwanangu: kesho ukitoka shamba lete ndoo ya chokaa na brashi ile pana, unichoree mshale mkubwa wa kuja kwetu. Na shangazi yako usimwambie!