Mlango Uliolowekwa Ukwaju

Jumanne, 8 Februari 1966

Mlango umefika! Wa chuma, mzima, mzito kama ngamia aliyegoma kuinuka. Wanaume wanne wameubeba kutoka kwa Kinoti, yule fundi Mmeru, wakauegemeza ukutani wakihema. Wanaume wa siku hizi.

Hii ni kazi ya mwanangu Dekow, karani huko Thika. Ameandika barua. Ati habari za risasi za Garissa zinamnyima usingizi. Ati anakuja Jumamosi na msafara wa malori ya askari, na akinikuta bado nalala nyuma ya mlango wa fito, Jumatatu napanda lori naye, nikaishi Thika. Thika! Baridi, matope, na mkewe anayehesabu vijiko vya sukari. Nyumba hii nimeachiwa na marehemu mume wangu, mkalimani wa polisi, ndiye aliyenifundisha hata herufi hizi. Siondoki.

Nilitaka mlango upakwe kijani leo leo, kama wa jirani yangu Habibo, ila wangu uzidi. Kinoti amekataa. Amenionyesha ganda jeusi lililoshika chuma chote, ukilitega juani linang'aa kibuluu. Asema chuma huzaliwa nalo kwenye moto wa kiwandani. Ukipaka rangi juu yake, siku ganda linabanduka, rangi nayo inakwenda. Ndiyo maana mlango wa Habibo unachunika kama mtoto mwenye surua. Nimefurahi sana kusikia hivyo.

Dawa yake ni asidi. Lakini asidi siku hizi inataka kibali cha ofisi, na kibali kinataka wiki mbili. Kinoti asema basi aufunge vivyo hivyo, mambo ya rangi baadaye. Nimemwambia mimi hata kuolewa sikuolewa vivyo hivyo.

Jumatano, 9 Februari

Asidi ni nini? Ni uchachu tu. Uchachu ninao. Nimenunua ukwaju kikapu kizima, na maziwa ya ngamia yaliyochacha ninayo mitungi mitatu.

Chombo cha kulaza mlango hakuna. Nimechimba uani, urefu wa mlango, kina shibiri mbili, nikatandika ngozi ya ngamia kama tulivyokuwa tukifanya kisimani kunywesha mifugo. Karani gani wa Thika angewaza hilo? Mgongo umekatika.

Kuni hazipo. Kutoka nje ya mji kuokota kuni ni kutafuta risasi. Nimeuvunja mlango wa fito, nikachemshia ukwaju. Wa nini tena? Mahali pake nimetundika mkeka. Wale wanaume wanne wameulaza mlango wa chuma shimoni, nikaumwagia ukwaju na maziwa.

Habibo amechungulia juu ya ua. Ameuliza, walaal, dada yangu, supu hiyo ya mlango unampikia mgeni gani. Nimemwambia aende akaokote rangi yake, kuku wanaimaliza.

Alhamisi, 10 Februari

Askari! Wanne, na Koplo Justus mbele. Mtu amewapasha habari kwamba kuna kizee amechimba kaburi uani. Namjua mtu huyo. Ana mlango wa kijani.

Koplo ameuliza nani amekufa. Nimesema hakuna. Akauliza basi nani atakufa. Akachoma maziwa kwa mtutu wa bunduki, chuma kikalia ngaa, na wote wanne wakalala chini kifudifudi. Nikasimama peke yangu kama nguzo, nikiwaambia ni mlango, ni mlango, amkeni mtachafuka.

Koplo asema amewahi kukuta bunduki ndani ya gunia la mahindi, ndani ya tandiko la punda, lakini mlango ndani ya maziwa hajawahi, na hajui aandike nini kwenye ripoti. Ameamuru yote yachotwe, aone chini. Mitungi mitatu! Mbuzi wameyanywa, sasa wanalia tumbo. Nimemuuliza ni mama gani aliyemfundisha kukanyaga ua wa watu na viatu. Kwa viatu ameomba radhi. Kwa maziwa hakuomba.

Ijumaa, 11 Februari

Lakini ganda limelegea! Nimesugua kwa mchanga wa mtoni tangu alfajiri hadi adhana ya mchana. Magamba meusi yamejaza sinia. Chuma kimetoka kijivu safi, kama samaki aliyeparwa. Kinoti amepita na kopo la rangi na brashi, akasimama. Wallahi nimemwona akishangaa.

Kisha akaanza masharti yake. Osha kwa maji ya magadi uue ule uchachu. Kausha. Paka rangi saa hiyo hiyo, Mama Dekow, chuma uchi hakingoji. Nimemwambia magadi ni ya kupikia maharagwe ya kwao Wameru, na rangi arudi nayo kesho. Kwani nimejiua hivi ili aone nani? Habibo alikuwa kwa binti yake, harudi mpaka magharibi. Aone kwanza.

Amekuja, ameona. Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Habibo, kunikaribisha chai! Viungo vyote vinauma lakini nimeshinda.

Jumamosi, 12 Februari

Mwekundu. Mlango wote, juu mpaka chini, kutu, kama umepakwa hina. Nimesugua mpaka mikono imekuwa ya bibi harusi.

Na msafara umefika mapema! Tangu vita hivi vianze hakuna lori lililowahi kufika mapema hapa, ila lenye mwanangu. Dekow amefunua mkeka. Ameutazama mlango uani, kisha shimo, kisha mbuzi. Ameuliza kwa upole, hooyo, ule wa fito uko wapi. Upole wake ndio mbaya. Nimesema nimeupikia ukwaju.

Amesema nifunge vitu.

Birika. Msahafu. Kofia ya kazi ya marehemu. Miaka thelathini ndani ya nyumba hii, na havikujaza kikapu. Nimegeuzia ukuta uso kidogo. Kwa sababu ya vumbi.

Jumapili, 13 Februari

Kinoti amekuja akitoka kanisani, na koti lake la kanisani. Amemwambia Dekow chuma ni kizuri, kutu ni ya juu juu tu. Amevua koti. Brashi ya waya, bawaba tatu, komeo. Saa moja tu, mlango umesimama mahali pake.

Dekow ameupiga bega mara tatu. Bega ndilo lililoumia. Ameketi kizingitini akilisugua. Nikamuuliza aniambie ukweli, rangi ya kijani ama ya buluu. Amenitazama kama nimemtukana. Ati yeye aliandika chuma, hakuandika rangi. Ati angeukuta umefungwa tangu Jumanne, mweusi kama sufuria, angekunywa chai yake na kulala. Ati nimekaa siku nne na mkeka, na risasi ng'ambo ya mto, kwa ajili ya Habibo!

Lakini amekubali nibaki. Sharti moja: mlango nisiuguse. Nimeapa, mkono juu ya msahafu, Kinoti shahidi. Nimemchinjia mbuzi mmoja, yule aliyepona tumbo.

Jumatatu, 14 Februari

Lori limeondoka saa moja asubuhi. Nimepunga mkono mpaka vumbi likatulia. Nimerudi, nimeingia, nimefunga komeo. Nimeketi ndani ya nyumba yangu. Alhamdulillahi. Siku nzima nisingetaka kingine.

Saa tatu jua limeingia kwa upenyo, likaupiga mlango pembeni. Pale chini ya bawaba ya kati. Ganda! Jeusi, la kibuluu, upana wa vidole viwili, Kinoti kaliruka na koti lake la kanisani. Nimegeuka nisilione. Nimehamisha kigoda. Nimejifunika shuka. Bado naliona.

Kinoti nimemwita, amekataa. Ati yeye ni shahidi wa kiapo. Mwoga. Ukwaju umebaki nusu kikapu, na shimo halijafukiwa.

Niliapa sitaugusa mlango kwa mkono, basi pini za bawaba nimezing'oa kwa mchi. Habibo amekuja mwenyewe, sikumwita. Ati na wake ungeingia kwenye shimo hilo baada ya wangu? Nimesema tutaona. Ameshika upande mmoja, mimi mwingine, shuka mikononi, na nikamsikia akiuliza, naa, we mwanamke, leo utalala vipi na nyumba wazi.

Nimemwambia aache maneno, ainue.