Umoja wa Wenye Turbo Kasulu

Niyomwungere alikuwa na masikio ya kibiashara. Asubuhi ile stendi ya Kasulu ilikuwa na fujo zake zote: wapiga debe wa mabasi ya Kigoma, kuku wanaolia kwenye matenga, bodaboda zinazogombea abiria mmoja. Yeye alikuwa ameinamia chai yake katika mgahawa wa Zaitun, na katika kelele zote hizo akadaka maneno yaliyomhusu: "gari", "ya familia", na "yenye mbio".

Aliyeyasema alikuwa bwana mmoja mwenye kitambi na koti la suti, anayeongea na simu kana kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya bonde.

"Nataka ibebe watoto wote na mama yao," alisema. "Lakini shemeji akinipita na lile Prado lake, nataka nimpite kabla hajamaliza kucheka."

Niyomwungere akabeba kikombe chake na kuhamia meza ya pili.

"Mwakeye, mzee," alisalimu kwa adabu zote. "Samahani, sikukusudia kusikia. Lakini mtu anayetafuta gari ya namna hiyo peke yake, roho yangu inamwonea huruma."

Bwana yule aliitwa Mpawenimana, mnunuzi wa maharage kutoka Kibondo. Kazi yake ilikuwa kuyanunua kwa wakulima bei ikiwa imelala na kuyauza ikiwa imesimama, na mwenyewe aliiita kazi hiyo huduma kwa jamii. Mwaka ule ndugu wa mkewe alikuwa amenunua Prado, na tangu hapo kila Jumapili baada ya misa ukoo mzima ulikuwa ukijazana humo, huku Mpawenimana akirudi nyumbani nyuma ya pikipiki, na vumbi la shemeji likimkaa kwenye nyusi.

"Wewe ni dalali?" Mpawenimana aliuliza, akiuvuta mkoba wake karibu.

"Mungu apishe mbali. Mimi siuzi hata baiskeli. Mimi ni katibu wa Umoja wa Wenye Turbo Kasulu. Tunashauri wanunuzi, basi."

Umoja huo ulikuwa umezaliwa pale pale, kati ya neno "mbali" na neno "katibu", na mzazi wake alikuwa na afya njema.

"Na hiyo turbo hasa ni nini?"

"Turbo ni pafu la pili, mzee. Gari nyingine zikifika mlimani zinahema. Yenye turbo ndiyo kwanza inaamka."

Mpawenimana alitafakari lile pafu la pili akiwa amefumba macho, na Niyomwungere, aliyezijua nyuso za watu kama wengine wanavyojua misimu ya mvua, akaona Prado moja likibaki nyuma katika mawazo ya mtu yule.

Ilitokea kwamba katibu alikuwa na gari la aina hiyo hiyo uani kwake: Subaru Forester ya turbo, rangi ya buluu iliyoiva, aliyobadilishana na mfanyabiashara mmoja wa Kigoma. Yule mfanyabiashara alikubali upesi mno, na ni barabarani tu Niyomwungere alipoelewa sababu. Mjini gari lilikwenda vizuri, likinguruma kwa heshima. Likikutana na mlima, lilichemsha. Moshi mweupe ulitoka kwenye boneti kama chungu cha maharage kilichosahaulika. Hakulipeleka kwa fundi, maana fundi angetaka hela na, vibaya zaidi, angesema ukweli. Aliamua mwenyewe kwamba injini imekufa. Akamimina kwenye rejeta ute wa mayai na pilipili manga, dawa aliyoisikia kwa dereva mmoja wa lori kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kuanza kusubiri mtu wa kumrithisha.

Lakini Mpawenimana naye alikuwa na masharti.

"Nimeshaumizwa," alisema. "Sinunui kwa mtu ambaye jina lake halipo kwenye kadi ya gari. Na sinunui kabla wenye magari hayo hawajaniambia kwa vinywa vyao, uzuri wake na ubaya wake."

"Mzee, umesema kama mwanachama," Niyomwungere alijibu. "Njoo Jumamosi. Njoo na mama."

Mgeni alipoondoka, katibu alikwenda moja kwa moja kwenye jiko la Zaitun.

Zaitun alikuwa mjane wa makamo, mwenye sauti ya chini na macho yasiyo na haraka. Alikuwa akipeleka maandazi na wali hadi Nyarugusu kwa pikipiki za kukodi, na kila mvua iliponyesha nusu ya mzigo iliishia kwenye matope. Niyomwungere alimpangia mambo kwa sauti tamu. Gari lingehamishiwa jina lake, kwa sababu hakuna mnunuzi asiyependa gari la mama wa watu, lililotunzwa, lisilokimbizwa. Yeye angezungumza kidogo mbele ya wageni, na kifuta jasho kingekuwepo.

Zaitun aligeuza andazi kwenye mafuta.

"Kwa hiyo gari ikija kuharibika, yule mzee atamtafuta nani?"

"Iharibike kwa nini, dada? Gari nzima."

"Nauliza tu. Polisi wakija, watakuja kwako au kwa aliye kwenye kadi?"

"Polisi waje kufuata nini?" Niyomwungere alicheka kicheko cha mtu asiye na hatia, na kilikuwa kicheko kizuri, alikuwa amekifanyia mazoezi miaka mingi. Ukweli ni kwamba Zaitun alikuwa ameligusa lile lile jambo alilolipenda zaidi katika mpango wake.

Zaitun akaliopoa andazi. "Haya," alisema. "Andika jina langu. Uliandike vizuri."

Likaandikwa. Katika wiki ile Niyomwungere alimfundisha mambo ambayo mwenye gari la turbo huyajua: usilizime ghafla likitoka mbio, liache lipumue kidogo, oili ibadilishwe mapema, mafuta ya kwenye madumu usiliguse nayo. Zaitun alishika kila kitu na kuuliza maswali ambayo mwalimu hakuyatarajia. Aliuliza, kwa mfano, mtu angejuaje kama gari ni bovu. Niyomwungere, aliyenogewa na ualimu wake, akamweleza hilo nalo, kwa kirefu.

Jumamosi Mpawenimana alifika na mkewe, Immakulata, mama mwembamba aliyevaa kitenge na kusema maneno machache. Umoja ulikutana mgahawani. Mwanachama wa kwanza kusimama alikuwa Saady, kinyozi wa jirani, aliyekuwa ameombwa aseme machache kama mwenye turbo wa siku nyingi. Saady hakuwahi kuendesha kitu chenye magurudumu zaidi ya mawili, lakini hakuwa mtu wa kuangusha hadhira.

"Mimi yangu nilitoka nayo hapa nikaenda Kibondo," alisema, "ugali nimeuacha mezani. Nimerudi, bado unaunguza vidole."

"Na mafuta inakulaje?" aliuliza Immakulata.

"Mafuta? Mama, ile inakunywa kama bibi harusi mbele ya wakwe. Inaonja tu."

"Na spea zake zinapatikana?"

"Sijui, mama. Haijawahi kuharibika hata nikajua."

Mpawenimana alitikisa kichwa kwa furaha. Mkewe alimwangalia Saady kwa muda, kisha akayaangalia magoti ya suruali yake yaliyojaa nywele za wateja, na hakuuliza tena.

Ndipo Zaitun akainuka, akifuta mikono kwenye khanga.

"Mimi ndiye mwenye gari," alisema. "Nitawapa ushauri ambao mimi mwenyewe ningependa kupewa. Gari ya turbo ni tamu, lakini haina siri. Msiiangalie rangi. Msiisikilize ikiwa imesimama. Wekeni familia ndani, muipandishe mlima. Mtu akiwakataza mlima, mrudi kwenu."

Niyomwungere aliweka kikombe chini. Maneno yale hayakuwemo katika mafunzo. Yaani yalikuwemo, lakini katika ile sehemu nyingine.

"Mlima wa nini sasa, dada Zaitun," alisema akitabasamu. "Mzee anataka mbio. Tumpeleke pale panapolala, aone mbio."

"Baba Pacifique," Immakulata alimwambia mumewe, "twende mlimani."

Wakaingia wote, Saady naye, maana alikuwa hajawahi kulipanda. Mpawenimana alishika usukani, Niyomwungere akakaa kando yake akiomba dua za dini zote alizozifahamu. Walishika barabara ya Makere. Kwenye tambarare gari lilivuta kwa namna iliyomfanya Mpawenimana agune kama mtu anayekandwa mgongo. Kisha barabara ikainuka. Mshale wa joto nao ukainuka. Walipofika katikati ya mlima, boneti ilifoka moshi, gari likakohoa na kusimama, na ndani mkaenea harufu ambayo hakuna aliyeitegemea, ya mayai ya kukaanga yenye pilipili.

Wapita njia walikusanyika. Wenye baiskeli za ndizi walishuka, akina mama waliotoka shamba walitua majembe, na askari wa usalama barabarani aliyekuwa kivulini upande wa pili akaja kuona ni nini. Mpawenimana alishuka, akazunguka mbele ya gari na kumkamata katibu kola ya shati.

"Pafu la pili, eh? Pafu la pili! Ulitaka kuniuzia jeneza."

"Mzee, mimi nashauri tu, siuzi—"

"Kaka," Immakulata aliuliza taratibu, na watu wakasogea ili wamsikie. "Tueleze. Hii gari ni yako?"

Niyomwungere aliitazama ile kola, akamtazama askari, akatazama moshi. Alikuwa amejiandalia mlango wa kutokea siku nyingi, na sasa aliupita mbio.

"Mama, naapa mbele ya hawa wote. Gari ni ya huyu dada, kadi inasema. Mimi sina humo hata boliti moja. Nikifa leo, gari hii haimo kwenye mirathi yangu."

"Rudia kidogo, Niyo," alisema Zaitun. "Upepo ulikuwa mkali."

Akarudia, kwa sauti zaidi. Askari akamwuliza kama ana hakika, naye akasema ana hakika. Kola ikaachiwa. Wakati anajinyoosha shati ndipo alipomwona Zaitun akinyoosha kiganja mbele ya Mpawenimana, akipokea funguo, na kuzitia kwenye pindo la khanga.

Hata hapo hakushtuka sana. Gari ni bovu, alijiambia akishuka mlima kwa miguu, na mwenye mzoga ahangaike na nzi wake.

Zaitun alilivuta gari kwa lori hadi kwa fundi Fidele, nyuma ya soko. Fidele aliifungua rejeta na kuita mafundi wenzake waje waone. Ute wa mayai ulikuwa umeganda kwenye njia zote za maji, na zaidi ya hayo feni ilikuwa na waya uliokatika. Injini yenyewe, alisema, ilikuwa na nguvu kuliko yeye. Akaweka rejeta nyingine, akaunga waya, na gari likapanda mlima wa Makere na kushuka, likapanda tena, bila kutoa hata jasho.

Niyomwungere alilisikia kabla ya kuliona. Alikuwa kwenye kibanda cha Saady, povu usoni, lilipopita likivuma kuelekea Nyarugusu na masufuria ya wali. Aliinuka vile vile na povu lake. Jioni ya siku iliyofuata alikuwa mgahawani.

"Dada Zaitun, lile jambo letu."

"Jambo gani?"

"La gari yangu."

"Gari yako ipi? Kama imepotea twende polisi. Yule askari ni mteja wangu, atakukumbuka."

Katibu akatafuta pa kuanzia, na kila neno aliloshika lilimpeleka kwenye maelezo ambayo asingependa kuyatoa mbele ya askari. Alikuwa bado anatafuta wakati Mpawenimana na Immakulata walipoingia. Mpawenimana alimpita bila kumsalimu. Immakulata alikwenda hadi jikoni.

"Tumezunguka Kigoma yote," alimwambia Zaitun. "Kila muuzaji anatukimbiza kwenye lami iliyolala. Ni wewe tu uliyetuambia tupande mlima, na gari ilikuwa yako. Fundi anasema imepona. Ni kweli?"

"Ipandisheni tena," alisema Zaitun.

Waliipandisha. Waliporudi, Mpawenimana alijaribu kidogo kushusha bei kwa mbinu zake za maharage. Alishika kiuno, alikunja uso, alitaja ile harufu ya mayai. Zaitun aliendelea kuchambua mchele. Mwishowe mkewe ndiye aliyefungua mkoba, na kabla jua halijagusa vilima vya Burundi gari la buluu lilikuwa limeshika njia ya Kibondo, Mpawenimana akipiga honi bila sababu, akienda kumtafuta shemeji.

Niyomwungere alibaki ameketi mbele ya kikombe kilichopoa. Alitafuta hasira, na alipoikuta ilikuwa imechanganyika na kitu kingine, kitu kama kile anachohisi mpiga ngoma akimsikia mwenzake anayepiga vizuri zaidi.

Zaitun akaja, akamwaga chai iliyopoa, akamjazia ya moto.

"Niyo," alisema, akiketi kwa mara ya kwanza siku ile, "nitafutie nyingine. Mbovu kama ile, usiguse chochote ndani. Na andika jina langu tena, linauza."

Niyomwungere alifungua kinywa amwambie alichokuwa anafikiri kumhusu yeye, khanga yake na ukoo wake wote.

"Yenye turbo," akajikuta akiuliza, "au ya kawaida?"