Kitenzi Kilichozaliwa Ujiji

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kwa miaka thelathini na tisa nimeficha kamusi ya shule ndani ya gunia la maharage. Magunia yamebadilika. Kamusi ni ileile. Daktari anasema moyo umechoka, basi niandike.

Mwaka 1986, nikiwa mwalimu, mbele ya wazazi na mkaguzi, nilitangaza kwamba kitenzi cha Kiingereza "carry", yaani kubeba, kilizaliwa Ujiji. Wapagazi walipokezana mizigo wakiimba kari, kari. Wazungu wakakisikia, wakaenda nacho kwao. Nilikibuni palepale. Makofi! Mwalimu Kassimu, mtu wa Ujiji na mtunza maktaba, akasema kesho ataleta kamusi kubwa inayoeleza maneno yalikotoka. Ilikuwa moja tu. Kesho yake kamusi haikuonekana. Kassimu akavuliwa kazi ya maktaba kwa uzembe.

Ijumaa shule inafungua maktaba mpya. Ugunduzi wangu utaandikwa ukutani. Nami nataka kufa nikiwa nimesamehewa na Kassimu. Bila kutaja kosa, ikiwezekana.

Jumanne, 15 Julai

Mpango. Mgonjwa huita watu waombane radhi, na hakuna anayeuliza radhi ya nini. Nimemwita Kassimu. Kaja kwangu Katubuka kwa bajaji, na migebuka watatu wa ziwani. Nikalegeza sauti. Nikasema kama nimemkosea popote, kwa kujua au kutojua, anisamehe. Hapo mtu husema nimekusamehe, anakunywa chai. Yeye akakisogeza kikombe pembeni.

"Nimekusamehe yote uliyoyataja, Mwalimu."

Sikuwa nimetaja hata moja! Mzee mbaya. Migebuka watamu, lakini.

Jumatano, 16 Julai

Mpango mpya. Mjukuu wangu Frida anafundisha palepale shuleni. Nimempa boksi la vitabu vya msaada kwa maktaba, kamusi chini kabisa. Saa nane kairudisha. Babu, kasema, kitabu chako kilichanganyika na vya msaada.

Jina langu! Ukurasa wa kwanza, kwa wino, mwandiko wa madaha. Miaka yote nimewahimiza wanafunzi waandike majina kwenye vitabu vyao, mkono ulishazoea. Frida kauliza pia mbona kina mhuri wa shule na harufu ya maharage. Nilikohoa hadi akaondoka.

Alhamisi, 17 Julai

Kifua kimebana tangu alfajiri. Nimeogopa. Nimemwita Kassimu tena, nikamwekea kamusi mapajani. Nikataja: niliiba mimi, nikanyamaza alipovuliwa kazi.

Hakushtuka. Kasema aliiona mwaka 1999, kwenye matanga ya mke wangu Verediana, alipoingia stoo kuchota maharage ya waombolezaji. Akaifunika. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa unalia, Mwalimu. Baadaye nikawa nasubiri useme mwenyewe." Akapangusa jalada kwa kanzu yake. "Babu yangu alikuwa mpagazi. Hadithi yako sikuwahi kuiamini, ila naipenda. Kamusi nimekusamehe. Sasa tusome. Ikiwa kweli, kesho nitapiga makofi kuliko wote."

Akafungua herufi C. Ukurasa wa "carry" hamna! Nikasema panya. Kassimu akapitisha kidole pale palipokatwa, pamenyooka kama ukingo wa meza.

"Panya wa Katubuka wamesoma," kasema. Akavaa viatu taratibu. Mlangoni akaniambia nikikumbuka jingine, bajaji za kutoka Ujiji zipo siku zote.

Ijumaa, 18 Julai

Wameandika! Rangi ya bluu, herufi kubwa, jina langu chini. Frida kanionyesha picha. Kassimu kaonekana pembeni, mikono mfukoni. Nimeumia kidogo. Wivu, bila shaka.

Kifua kimefunguka. Nimekula ugali wote. Naona nitaishi, na Buzebazeba nako kuna shule yenye ukuta mtupu. Nina kitenzi kingine akilini.

Frida anasema siku hizi simu inaeleza neno lolote limetoka wapi. Nimemwambia simu hudanganya sana.

Lakini daftari hili nimelianza kwa ajili ya kuungama, basi niungame. Si panya. Ukurasa uko ndani ya soksi yangu ya kushoto. Niliukata kwa wembe na rula mwaka uleule, baada ya kuusoma mara tatu. Neno limetoka kwa Wafaransa wa kale, waliobeba vitu kwa mkokoteni. Ujiji haimo.