Taarifa ya Kuipandisha Kerenge

Ndugu wananchi, wadau wa kahawa na wote wenye mapenzi mema na maendeleo, ninayo furaha kuwatangazia kwamba kuanzia Jumatatu Kerenge ipo mita elfu moja na mia tano juu ya usawa wa bahari. Zoezi limekamilika kwa amani na hakuna aliyeumia.

Mimi ni katibu wa Kamati ya Usawa wa Miinuko, na naomba nifafanue, maana vijiweni watu wameanza maneno. Kahawa ambayo wanunuzi wa nje wanaigombania ni arabika, na arabika ni zao lenye maringo. Linataka mlima, ukungu na baridi ya kuvalia sweta. Ndiyo maana Kilimanjaro wanayo, Mbinga wanayo, na kule Kagera wengi wameona isiwe taabu, wakalima robusta. Kerenge kuna joto, minazi na machungwa. Hata hivyo mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kasmiri, alikuwa amepanda arabika shamba zima pale Kerenge, nyuma ya nyumba yake ya wageni, na mnunuzi akamwambia kwa adabu kwamba yeye hachukui kahawa ya bondeni.

Mheshimiwa alilipokea jambo hilo kizalendo. Aliuliza kikao kwa nini mgeni atuamulie kama tupo juu au tupo chini. Wajumbe walipiga makofi, basi tukapitisha Kerenge ipandishwe.

Ugumu ukajitokeza kwenye wastani. Mwinuko wa wastani wa eneo letu ulishatajwa kwenye ripoti ya mwaka, na ripoti haibadilishwi katikati ya mwaka wa fedha. Kwa hiyo mita tulizowapa Kerenge ilibidi zitoke kwa mtu. Tukaona Lutindi wana mwinuko mwingi kuliko mahitaji yao, tukawashusha. Ndugu zetu wa Handeni nao waliomba wapandishwe, tukawasihi wavute subira kwa kuwa mita zilikuwa zimekwisha.

Ili kulinda ubora, kamati ilitunga pia sheria ndogo: ni marufuku arabika kulimwa bondeni, na itakayokutwa huko itang'olewa, mahali pake upandwe mkonge. Mheshimiwa aliisaini mwenyewe, kwa mbwembwe. Hapo ndipo Mama Fausta alipoingia kwenye mchakato.

Mama Fausta ni mjane wa Lutindi, shamba lake lipo juu kabisa, kupita misheni. Mibuni yake ya arabika aliipanda pamoja na marehemu mumewe, na ndiyo iliyowasomesha watoto wake wote. Mbuni ukiupanda leo unasubiri miaka mitatu, minne, ndipo uchume cha maana, na mama huyu si wa kuanza kusubiri upya. Aliposikia habari alishuka kwa miguu, akapanda gari, akaja ofisini. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye benchi na kujifuta jasho kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu, mlima wetu mmeupeleka wapi?"

"Haujapelekwa popote, mama. Umeshushwa kiutawala."

"Mbona leo alfajiri maji ya kunawa yameniganzisha vidole?"

"Hiyo ni baridi ya kipindi cha mpito."

"Na kahawa yangu?"

Nikamweleza kwamba kikosi cha majembe kitafika Ijumaa. Hakupiga kelele. Alisema yeye hana ugomvi na vipimo vya wakubwa, ila mibuni haikusoma, itaendelea kuzaa kama ipo mlimani. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumng'olea mama yangu. Nakiri nilimwonea huruma, tena sana, na huruma hiyo niliiingiza kwenye muhtasari, kwenye Mengineyo.

Ijumaa asubuhi lori la majembe lilikuwa tayari linaunguruma kuelekea Lutindi nilipopigiwa simu nikimbie Kerenge. Nilimkuta dada mmoja anaitwa Shamsia, afisa wa vyanzo vya maji, ameshika kopo la rangi nyekundu. Ofisi yake ilikuwa imepokea waraka wetu na, kinyume na matarajio, ikausoma. Kwa taratibu zao, mlima wa kimo kile unatiririsha maji ya watu wa chini, kwa hiyo ni hifadhi na haujengwi nyumba. Alama ya X, ya kubomolewa, ilikuwa tayari kwenye nyumba ya wageni ya mheshimiwa na kwenye nyumba ya familia. Alikuwa anaelekea chooni na brashi yake.

"Dada yangu, hapa ni bondeni," Mheshimiwa Kasmiri alimwambia.

"Waraka unasema mlimani, na sahihi ni yako."

"Sasa mnazi ule? Umeona wapi mnazi mlimani?"

Shamsia aliutazama mnazi, akachovya brashi. "Nao hauna kibali," alisema, akaupiga X.

Majirani walikuwa wamejaa uani. Dereva wangu, Hussein, alininong'oneza, "Bosi, mzee leo kapatikana." Shamsia akaeleza kwamba njia ya kuziokoa nyumba ipo moja tu: mwenye waraka aukane hadharani. Mheshimiwa aliitazama nyumba yake, akaitazama kahawa yake, akalamba midomo.

"Kerenge ni bondeni," alisema.

Shamsia akamwomba arudie ili walio nyuma nao wasikie. Akarudia.

Papo hapo mita zikarudi Lutindi. Ila mimi ni mtu wa taratibu, na palepale mbele yangu ilisimama arabika, bondeni, kinyume cha sheria ndogo. Lori lilikuwa lishajazwa mafuta na vijana wameshakunywa chai. Nikaligeuza. Kufikia jioni shamba la mheshimiwa lilikuwa jeupe na miche ya mkonge imeshushwa. Watu wa Kerenge walisema mkuki kwa nguruwe. Hilo sikuliandika popote, lakini nililifurahia.

Limebaki suala la makabidhiano ya mlima. Kanuni inataka kitu kilichotwaliwa kirudishwe kwa mwenyewe mahali kilipo, na aliyekitwaa. Gari letu liliishia misheni, ambako Mama Fausta alikuwa akitusubiri. Mheshimiwa alimnyooshea kalamu palepale, mama akakataa.

"Nitasainia juu, mheshimiwa. Nataka nione umerudi wote, nisije nikapokea pungufu."

Akatangulia, na tangu hapo tunauona mgongo wake tu. Ninapoimalizia taarifa hii, niliyoianza kabla mita hazijarudi, tupo nusu ya njia. Mheshimiwa amekaa juu ya jiwe, viatu mkononi, anahema, na ameagiza niitishe kikao cha dharura tuupunguze mlima huu japo mita hamsini. Nimemjulisha kwa heshima kwamba haiwezekani. Akidi haijatimia, wajumbe wote wapo bondeni.