Kuosha Pikipiki ya Baba Kabla Shangazi Hajafika

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Shangazi Eufrasia kapiga simu kutoka Didia. Anakuja Geita Jumamosi. Haji kusalimia. Anakuja kuikagua pikipiki ya marehemu baba, kisha aamue ibaki kwangu au aichukue mdogo wangu Mwigulu. Kwetu dada wa baba akishasema neno juu ya mali ya kaka yake, hakuna pa kukata rufaa, hata kwa mwenyekiti wa mtaa.

Pikipiki ni kuukuu, nakubali. Lakini ni ya baba. Alinipakia juu ya tangi lake nikiwa sijaota meno. Alibeba wachimbaji na viroba vyao vya mawe kutoka machimboni miaka yote, na haikuwahi kumlaza njiani. Baba alipofariki ikaja kwangu, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na ndiye ninayeendesha bodaboda hapa mjini. Mwigulu yuko Kagongwa, analima mpunga na kuchana nywele. Sasa kampelekea shangazi maneno kwamba naitesa.

Naitesa! Ni kweli ina matope. Kuna ya masika ya mwaka huu, na chini yake kuna ya mwaka jana. Tope ni dalili ya kazi. Mwigulu na viatu vyake vya kung'aa atalijulia wapi?

Mke wangu Noela kasema niioshe tu, siku bado zipo. Nikamweleza kwamba jambo zito namna hii linahitaji mkakati. Akaenda kuanika dagaa.

Jumanne, 9 Septemba

Mwigulu kapiga simu, kajifanya mwema. Eti kaka, ukiosha iache kwanza injini ipoe. Eti ziba mdomo wa bomba la moshi kwa mfuko, funika chujio la hewa, usipige maji ya presha katikati ya magurudumu wala kwenye kabureta. Eti pikipiki ya zamani mipira yake imechoka, maji yanapenya upesi. Na oili nisiikaribishe kwenye breki.

Niliweka sauti kubwa ili Noela ashuhudie unafiki huo. Badala yake akawa anaitikia kwa kichwa!

Mimi si mtoto. Mtu anayeitaka pikipiki yako atakufundishaje kuitunza? Ni mtego. Kila alichosema nitafanya kinyume chake. Mkakati umepatikana.

Jumatano, 10 Septemba

Kumbe mkakati ule ulikuwa nusu tu. Nusu ya pili imenijia leo kijiweni, nikisubiri abiria. Nilikuwa nakwangua tope la madigadi kwa kidole. Likang'aa.

Nikakaa wima. Viroba vya mawe ya dhahabu, miaka yote ile, vinadondosha vumbi. Vumbi linanasa kwenye oili. Mvua inakuja, tope linaganda juu yake. Baba hakuwahi kuiosha sana huko chini ya madigadi, na mimi sijaiosha kabisa. Hapa Geita watu wanaosha marudio, udongo ambao wenzao walishauosha. Wapo wanaofagia sakafu za vibanda vya wanunuzi wa dhahabu na kwenda kuosha hilo vumbi. Halafu pikipiki nzima inapita mbele ya macho yao na hakuna aliyeishtukia!

Nimekwenda kwa rafiki yangu Magesa. Ana mwalo, yaani mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa. Ana pampu, na ana ubao wa mteremko uliotandikwa blanketi la kunasia dhahabu. Nimemweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema kesho mchana pampu haina kazi, nije.

Noela naye kasema kama kungekuwa na dhahabu kwenye madigadi, baba mkwe angekufa ana viatu vizuri. Wenye maono tulishazoea.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umeungua.

Niliizungusha pikipiki mji mzima kwanza, injini ikawa ya moto kabisa, kwa sababu mafuta hulainika kwa moto na kwa sababu Mwigulu alikataza. Nikaipandisha juu ya ubao wa Magesa. Nikafungulia pampu. Mvuke! Nilikuwa sioni hata usukani. Nikanyoosha mkono kutafuta pa kushika, nikashika bomba la moshi.

Lakini sikuacha. Nilipiga maji kwenye kabureta, kwenye magurudumu, ndani ya bomba, kila mahali Mwigulu alipopataja. Kisha nikachukua brashi ya waya nikasugua kwa nguvu, madigadi, fremu, tangi. Tope lilishuka kwenye blanketi jekundu kama ugali wa mtama. Na ndani yake, njano. Njano tupu!

Wachimbaji wakaacha kazi wakaja. Hakuna aliyekuwa anacheka tena, nimewatazama mmoja mmoja nikahakikisha. Magesa akakung'uta blanketi kwenye karai, akazungusha maji taratibu. Vipande vya njano vikabaki chini. Vikubwa! Akachukua kimoja, akakiweka kwenye ncha ya kisu, akawasha kiberiti. Kikajikunja kikatoa moshi mweusi. Akakinusa. Akasema, kwa upole ambao sikuupenda, kwamba ni rangi.

Nikageuka nikatazama tangi. Mstari wa njano haupo.

Mstari ule aliuchora baba mwenyewe, kwa unyoya wa kuku, mwaka niliozaliwa. Ulikuwa umepinda kidogo upande wa kushoto, kwa sababu mama alimwita akiwa katikati ya kazi kumwambia nimeamka. Alipenda kuusimulia. Sasa uko ndani ya karai la Magesa. Nilikaa juu ya ubao nikalitazama karai. Imeniuma. Naandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Imeniuma, lakini sijashindwa. Mstari ni mstari. Nitachora mwingine, ulionyooka.

Pikipiki ilikataa kuwaka. Nimeisukuma hadi nyumbani.

Ijumaa, 12 Septemba

Kiki tangu asubuhi. Haiwaki. Inakohoa tu. Mara moja ilikohoa kwa nguvu, na maji meusi yote yaliyokuwa ndani ya bomba yakaruka juu ya dagaa wa Noela.

Sikusubiri hotuba, nikajificha chooni. Nilipochungulia nikamwona ameinama kwenye pikipiki. Kafungua plagi, kaipangusa kwa ncha ya kanga. Kalegeza skrubu ya chini ya kabureta, maji yakatoka. Kalitoa chujio la hewa akalianika juani. Kisha akamwita jirani wakainyanyua mbele, bomba likamwaga kilichobaki. Nilimwacha achezee. Mtu akiwa na hasira za dagaa ni vizuri apate cha kushika.

Jioni nilipiga kiki moja, ikawaka! Noela alikuwa amesimama pale na kanga ina madoa meusi. Nikamwambia siri ni mguu.

Baada ya hapo, urembo. Dukani rangi ya njano imekwisha. Nimechukua zambarau, rangi yenye heshima. Mstari umenyooka kweli, ila umechuruzika kidogo hadi kwenye injini. Siti nimeipaka mafuta ya kupaka mwili ya watoto, inang'aa unaweza kujitazama. Cheni nimeimwagia oili. Oili iliyobaki nimeifikisha kwenye breki, mbele na nyuma, nimefungua kabisa nikapaka ndani. Sikusahau, Mwigulu. Ulidhani nitasahau?

Jumamosi, 13 Septemba

Kesho nitaandika kwa utulivu. Leo naandika ilivyokuwa.

Shangazi kafika na Mwigulu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho tayari kwenye pikipiki. Akaizunguka. Akaweka kidole juu ya zambarau, ikamshika, haijakauka. Akauliza mstari wa kaka yake uko wapi. Nikamwambia nimeuboresha. Akakipangusa kidole kwenye mkoba wake. Mwigulu naye akatazama chini.

Kisha akasema nimpakie, aone inavyotembea. Mwigulu akauliza kama nimejaribu breki baada ya kuosha. Nikamwambia arudi kwenye mpunga wake.

Shangazi akapanda, akateleza akashukia upande wa pili. Akapanda tena. Safari hii akashika kola yangu. Tukaondoka vizuri sana! Injini ilikuwa inaimba. Nilijisikia kama baba, nasema kweli, nilitaka barabara iwe ndefu. Halafu tukafika kwenye mteremko wa kushuka mwaloni.

Nikakanyaga breki. Hamna. Nikaminya ya mkono. Hamna. Nikapaza sauti watu wapishe. Nyuma yangu shangazi hakupiga kelele, alikuwa akimtaja kaka yake kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayemshtaki mtoto kwa mzazi wake. Tukapita kibanda cha mkaa. Tukapita mbuzi. Tukaingia kwenye lundo la marudio la Magesa, udongo laini uliokwisha oshwa, hadi usukani ukazama.

Mimi niliruka kupita lundo. Shangazi aliteleza kwenye siti akakaa juu ya udongo, wima, mkoba kwapani. Hakuna aliyeumia. Mwigulu alikuja mbio akamnyanyua, na hakunicheka. Hilo ndilo limenichoma. Angecheka ningejua la kumjibu.

Nyumbani, baada ya kuoga, shangazi, aliyekwisha kusimuliwa na Magesa habari za pampu, akauliza nani aliiwasha pikipiki jana ikiwa imejaa maji. Nikasema mimi. Akaitazama kanga ya Noela. Akamuuliza yeye. Noela akasema yote, polepole, bila kunisema vibaya hata mara moja. Nilitamani aniseme vibaya.

Shangazi akasema, "Pikipiki ni ya Noela kuanzia leo. Wewe ukiitaka utamwomba."

Mwigulu akakubali kabla sijafungua mdomo. Nikaanza kueleza habari za mkakati. Shangazi akanyanyua mkono.

"Mimi sikuja kugombea chuma, Sostenes. Nilikuja kuuona mkono wa kaka yangu. Ule mstari ndio uliokuwa umebaki."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba kama mtoto.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeamka na akili safi. Tuhesabu ukweli. Mwigulu alikuja kuchukua pikipiki, kaondoka kwa miguu hadi stendi. Nani kashinda? Pikipiki imelala kwenye nyumba yangu, kwa mke wangu. Shangazi wakati wa kuaga alinipa mkono. Nilimwambia wabeja, yaani asante kwa Kisukuma, akasema Krismasi atarudi kuiona tena. Kwa hiyo kesi haijafungwa.

Noela kamwita fundi, breki zimesafishwa, mafuta ya siti yamefutwa. Kisha kanipa masharti kabla hajaenda mazoezi ya kwaya. Kuendesha naruhusiwa, nikiomba. Kuiosha marufuku. Nisiiguse kwa maji wala brashi, kwenye tangi, kwenye magurudumu, popote palipo na tope. Nikaahidi, na mimi nikiahidi naahidi.

Lakini nimekaa hapa uani naitazama, na kuna jambo linanisumbua. Sote tumehangaika na nje. Mwigulu na mifuko yake, Noela na kanga yake, fundi, hata mimi. Je, ndani? Tangi limewekwa petroli tangu baba akiwa kijana, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kulisafisha. Ndani hakuna tope, kwa hiyo ahadi haihusiki. Shangazi akija Krismasi, nitafungua kifuniko, nitamwambia achungulie. Atajua nani hasa anamjali kaka yake.

Kwaya haitoki mapema. Maji yapo ndoo nzima, na sabuni ya unga nimeikoroga tayari, povu zuri sana. Kifuniko kimefunguka bila shida. Namimina.