Zahanati ya Kidutani Haichukuliwi

Jumatatu, 17 Juni 1963

Leo nimevamiwa. Sina neno jingine.

Asubuhi Landrova ya mji ilisimama mbele ya zahanati, akateremka Bwana Mwangi, Bwana Afya wa mji, kijana wa bara mwenye viatu vinavyong'aa kuliko sahani zangu za dawa. Akasema kwa adabu (adabu ya namna ile siiamini) kwamba mpaka wa mji umesogezwa. Kuanzia tarehe mosi Julai, Zahanati ya Kidutani haiko tena chini ya wilaya, iko chini ya mji. Ati wakubwa wa pande zote mbili watakuja siku hiyo kukabidhiana.

Kisha akauliza mkuu wa hapa ni nani. Akaniuliza mimi! Mimi Mwidani, dresa wa Kidutani tangu zahanati hii ni banda la makuti. Nani huku Likoni hajafungwa kidonda na mkono huu?

Mabaya zaidi yakafuata. Mji hautaki dresa awe mkuu. Unataka mwenye cheti cha hospitali. Mwenye cheti hapa ni Bi Mwanatabu, mkunga, ambaye ni mimi niliyemwonyesha ufunguo wa stoo unawekwa wapi. Kwa hiyo nichague: nibaki chini yake, au nirudi wilayani wanipangie kwingine. Na nyumba ya zahanati, yenye baraza na tangi la maji ya mvua, inakwenda na ukuu.

Bi Mwanatabu akauliza kama mji utaleta friji ya kuwekea chanjo. Hilo tu. Watu wanapokonywa kwao, yeye friji!

Mke wangu Dhahabu naye aliuliza jambo moja tu: na tangi je? Nikamwambia tangi haliendi popote, wala mimi siendi popote. Nimeapa.

Jumatano, 19 Juni

Nimepata dawa yao.

Nimekaa barazani nikafikiri: watu wa Kidutani wanathamini nini? Sindano. Ukimpa mtu vidonge hapa, anashukuru, anakwenda nyumbani anawapa kuku. Mzee Mwinyihaji, jirani yangu mwenye goti bovu, aliwahi kuniambia dawa isiyouma haijaingia mwilini. Mtu akichomwa, hata kama alikuja kwa kikohozi cha juzi, anatoka hapa akichechemea kwa furaha.

Basi. Mji hauna sindano! Mji utaleta vidonge vitupu! Watu wakisikia hivyo watasimama wote, wataikataa Landrova na viatu vyake, na wilaya itaogopa kuitoa zahanati. Mimi nitabaki mkuu.

Sikutangaza. Mimi si mchochezi. Nimemwambia mtu mmoja tu, Mwanamkasi, anayeuza mahamri na mbaazi karibu na feri. Nikamwambia ni siri.

Ijumaa, 21 Juni

Baada ya sala, minong'ono hadi nje ya msikiti. Siri inatembea vizuri.

Mzee Mwinyihaji alinishika mkono, akaniuliza kama ni kweli sindano zinaondoka na wilaya. Sikusema ndiyo. Nilitazama juu, nikashusha pumzi. Kushusha pumzi si uongo. Akasema wallahi haiwezekani, yeye na goti lake hawakubali, tuone nani ataleta vidonge Kidutani.

Jioni Bi Mwanatabu akauliza habari hizo zimetoka wapi. Nikamwambia ni sauti ya umma. Akarudi kupima mimba za watu.

Jumamosi, 22 Juni

Nimeamka nikakuta foleni kutoka mlangoni mpaka kwenye mkorosho wa jirani zetu kina Rama.

Nikasema ndiyo hii! Nikavaa koti langu jeupe, nikapanda benchi, nikaanza: ndugu zangu, madaraka tumeyapata mwezi huu huu, na uhuru unakuja, nani basi atakubali kutawaliwa na mji? Wakapiga makofi kidogo. Kisha mama mmoja akauliza kwa heshima kama sindano nitaanza na wanawake au na wanaume.

Hawakuja kuandamana. Wamekuja kuchomwa mapema! Kila mmoja anataka sindano yake kabla ya mji kuzichukua. Mzee Mwinyihaji alitaka mbili, moja ya goti la sasa na moja ya goti la mwakani.

Bi Mwanatabu akasema asiyeumwa hachomwi, akaifungia penisilini kabatini kwa ajili ya watoto wenye buba, na ufunguo akautia kifuani. Kitendo cha uasi. Lakini ningewarudishaje watu wangu mikono mitupu, wiki moja kabla ya vita? Kwenye stoo kulikuwa na sindano za vitamini, za rangi ya njano, ambazo wilaya ilituletea kwa ajili ya waja wazito waliokosa damu. Vitamini haimdhuru mtu. Nikawasha stovu, nikachemsha bomba na sindano ndani ya sufuria, nikachoma mpaka jua likazama.

Mkono unauma. Moyo umetulia.

Jumanne, 25 Juni

Wameanza kuja kutoka Mtongwe. Wengine wanavuka kwa feri! Mji wenyewe unakuja kuchomwa kwangu!

Sindano zimekuwa butu. Nimezinoa kwenye jiwe kama tulivyofundishwa, lakini jiwe limechoka na mimi nimechoka. Kuna bwana mmoja mnene alipiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia. Alipomaliza alinishukuru sana, akasema hiyo ndiyo dawa.

Dhahabu amesema wiki hii nimefanya kazi kuliko wiki yoyote tangu tuoane. Nimeichukua kama sifa.

Habari nzuri ni kwamba wote wanaona nafuu. Mzee Mwinyihaji amekwenda shambani kwa miguu yake, jambo ambalo wanawe hawakulitegemea wala hawakulipenda, maana sasa anawaona wanavyolima. Kila anayepita anaisifu zahanati. Waje wakubwa wa mji wajaribu kunitenganisha na watu hawa!

Alhamisi, 27 Juni

Vitamini zimekwisha. Hakuna neno. Zimefanya kazi yake.

Mpango wa Jumatatu: umma utajaa uwanjani kabla wakubwa hawajafika. Mwanamkasi ataleta wanawake. Mzee Mwinyihaji atasimama mbele, kwa sababu ana ndevu na sauti. Mimi nitatokea mwisho, kama mtu aliyeitwa. Nimeirefusha hotuba yangu. Sasa ina mahali pa kunyamaza, ili watu walie.

Bi Mwanatabu akaniuliza taratibu, huku anakunja mashuka: Kaka Mwidani, Jumatatu atakuja nani? Nikasema wote. Akasema wote wameshachomwa.

Wivu.

Ila nitasema kweli, maana shajara hii haisomi mtu. Usiku nilitoka nikakaa karibu na tangi. Tangi hili nililipigania mimi, nikaenda wilayani mara nyingi mpaka karani akawa ananikimbia. Mwaka wa ukame, nusu ya Kidutani walichota hapa. Nikifikiri kwamba mtu mwingine atafungua bomba hili asubuhi, najikuta nimelishika kwa mikono miwili. Nawapenda watu wa hapa. Sitaki kuwaacha, na sitaki waniache.

Jumapili, 30 Juni

Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nimemkumbusha kila mtu: kesho, saa nne, uwanjani, zahanati yetu inachukuliwa. Nimepokelewa vizuri ajabu. Nimepewa chai, nimepewa muhogo wa nazi, nimeulizwa hali ya Dhahabu. Na hakuna hata mmoja aliyekataa. Wote wamesema inshallah.

Mzee Mwinyihaji alisema inshallah mara tatu.

Nalala nikiwa na jeshi.

Jumatatu, 1 Julai

Niandike haraka kabla hasira haijapoa.

Saa nne, wakubwa wamefika, mmoja wa wilaya na mmoja wa mji, na Bwana Mwangi na viatu vyake. Uwanja mtupu! Mabenchi matupu! Kuku wa kina Rama alikuwa amelala mlangoni, naye pia aliondoka.

Mkubwa wa mji akauliza wagonjwa wako wapi. Nikafungua mdomo, lakini Bi Mwanatabu akawahi, akasema kweli tupu: hakuna mgonjwa, mabwana, Kidutani nzima imeshachomwa. Mkubwa wa wilaya akaangalia stoo, akaniuliza vitamini za waja wazito zimekwenda wapi. Nikajibu kwa kichwa wima kwamba zimekwisha kukabidhiwa wananchi. Alitafuta pa kucheka, akakosa, akakohoa.

Halafu wakanong'onezana. Zahanati tulivu namna hii, wakasema, haihitaji watumishi wawili. Mmoja anatosha. Nafasi ya kubaki chini ya Bi Mwanatabu, ambayo mimi nilikuwa nimeikataa kwa dharau, ikafutwa pale pale mbele yangu. Sikujua kwamba kitu ulichokikataa kinaweza kukuuma hivyo kikiondolewa. Na wakati huo huo akaletwa mwanamke ameshikwa na uchungu. Mgonjwa pekee wa siku nzima, na wa nani? Wa Bi Mwanatabu! Akaingia naye ndani, akamzalisha mtoto wa kiume wakati sisi tunahesabiana sufuria.

Nilikuwa bado na hotuba. Ningeitoa hata kwa kuku. Lakini Bwana Mwangi akafungua masanduku yaliyokuwa kwenye Landrova: friji ya mafuta ya taa, na sindano. Sindano! Mpya, kali, sanduku zima, na penisilini juu yake! Dereva wake alikuwa amekwisha kupita kwa Mwanamkasi kununua mahamri, akamwambia kilichomo. Hakumwambia hata kuwa ni siri.

Adhuhuri haijaingia, uwanja ukajaa. Jeshi langu lote! Vigelegele! Wanawake wakamzunguka Bwana Mwangi, wakamuuliza mama yake hajambo. Nikaona saa yangu imefika. Nikaruka juu ya benchi, nikapaza sauti: Hatutaki mji! Madaraka ni yetu! Zahanati ya Kidutani haichukuliwi!

Mzee Mwinyihaji alikuja mbele mpaka kwenye benchi. Watu wakampisha. Nikajua sasa atasema. Akanigusa mguu kwa upole, akasema:

“Mwanangu, teremka kidogo. Hapo umesimama kwenye foleni.”

Akaongeza, ili nisivunjike moyo, kwamba sindano zangu zilikuwa na nguvu wallahi, ila zilikuwa zinaingia kama jembe.

Sikuteremka mara moja. Nilimalizia sentensi. Kisha nikateremka.

Ufunguo wa nyumba nilikataa kuutoa. Niliwaambia wachukue maiti yangu kwanza. Dhahabu akatoa ufunguo wa pili kwenye pindo la leso, akampa Bi Mwanatabu, akamwonyesha jinsi bomba la tangi linavyotaka kuinuliwa kidogo ndipo lifunguke. Wote wawili walikuwa wanalengwa na machozi. Mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Ijumaa, 5 Julai

Wilaya imenipangia Mlalani, ndani kabisa, ng'ambo ya mpaka mpya. Dhahabu amebaki kwa dada yake Likoni. Amesema atanifuata siku nitakapokuwa na tangi. Nilimwambia zahanati ya Kidutani bado ni yangu kwa haki. Akasema abee, akanifungia mkate wa mofa.

Bi Mwanatabu alinisindikiza mpaka barabarani, akasema kazi niliyowafanyia watu haitasahaulika. Nilimjibu kwa ukali. Nimejuta ukali ule gari lilipofika kwenye kona, lakini alikuwa ameshageuka kurudi kazini.

Jumatano, 10 Julai

Mlalani. Chumba kimoja, paa linavuja kila mahali isipokuwa penye ndoo. Mfagizi ni mzee anaitwa Tsofa, mtu wa maneno machache. Watu ni wakarimu. Wana ajabu moja: wanaogopa sindano. Wakiona bomba la sindano wanatoka kwa dirisha. Wanachotaka ni vidonge, na wakivipata wanavimeza pale pale mbele yako.

Leo Tsofa ameniambia, huku anafagia, kwamba amesikia mpaka utasogezwa tena. Mlalani huenda ikakatwa, ikapewa tarafa nyingine yenye mkuu wake.

Kumbe! Wananifuata mpaka huku! Lakini hawanijui. Kule Kidutani nilikosea jambo moja tu, nalo ni kwamba sikuwa na nafasi ya kumaliza hotuba.

Nimefikiri haraka. Hiyo tarafa nyingine haina vidonge! Ina sindano tupu! Watu wa hapa wakisikia, watasimama kama ukuta. Sitangazi, mimi si mchochezi. Kuna mama mmoja anauza maandazi penye njia panda. Nimemwambia yeye tu. Nikamwambia ni siri.

Kisha jioni nimezunguka nyumba chache kujuana na watu, nikawauliza kama siku hiyo ikifika watasimama nami. Nimepewa chai. Nimepewa muhogo. Wote, bila kubaki mmoja, wamesema inshallah.

Safari hii nina jeshi la kweli.